Barua ya wazi kwa halmashauri za Lindi na Mtwara: ramani ya kijiji isipitishwe watu wakiwa dago

Kwa Wakuu wa Wilaya, Wenyeviti na Wakurugenzi wa Halmashauri, Madiwani, Maafisa Ardhi na Mipango, Wenyeviti na Watendaji wa Vijiji, Mikoa ya Lindi na Mtwara.

YAH: MIKUTANO MIKUU YA VIJIJI INAYOPITISHA MIPANGO YA MATUMIZI YA ARDHI WAKATI WANANCHI WAKO NJE KWA MSIMU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chochote cha mikoa hii miwili usisomwe na kupitishwa katika mkutano mmoja. Usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ramani yake ipelekwe hadi waliko watu waliotoka kwa msimu, kisha upigiwe kura kwenye mkutano mkuu unaofuata. Hatuombi sheria mpya. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, kwa hiyo mikutano hiyo miwili tayari iko kwenye ratiba ya kila kijiji.

Huku kusini watu hawakai mahali pamoja mwaka mzima, na kutoka kwao kunajulikana mapema. Upepo ukigeuka kutoka kusi kwenda kaskazi, wavuvi hufuata samaki, hupiga dago, yaani kambi za muda za uvuvi, visiwani na kwenye fukwe za mbali, na hukaa huko wiki hata miezi. Masika yakishika, familia nzima huhamia mabonde ya Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru na Matandu, zikalala madunguni ili kuamia ndege na kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Mei na Juni ni mavuno ya ufuta Kilwa, Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kuanzia Juni mkulima wa korosho anapambana na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na salfa, dawa yake, hupulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa hiyo mwenye shamba la mbali hulala hukohuko. Oktoba hadi Desemba ni kuokota na kupeleka mzigo ghalani.

Umbali huo kati ya nyumba na shamba una historia yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu wa Mtwara na Lindi barabarani, mikorosho yao ikabaki ilikokuwa. Uzalishaji wa korosho nchini ulishuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na kuhamishwa huko hutajwa kuwa sababu mojawapo. Hadi leo kuna wakulima wanaotembea saa kadhaa kufikia miti iliyopandwa na babu zao. Anayeonekana hayupo kijijini mara nyingi yupo ndani ya mipaka ya kijiji, ila yuko upande usiosikia kipaza sauti.

Sasa tazameni timu za wilaya zinafika lini. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Fedha za kazi hii zikichelewa kutoka, kazi husukumwa Aprili, Mei na Juni ili zisirudi hazina. Hakuna mtu mwenye nia mbaya hapo. Lakini miezi hiyo mitatu ndiyo ya mpunga, ya ufuta na ya mwanzo wa salfa. Timu hukaa kijijini siku chache, hufanya tathmini shirikishi, huchora ramani ya matumizi yaliyopo, kisha ya matumizi yanayopendekezwa, huitisha mkutano mkuu, hukusanya sahihi na kuondoka. Kila hatua ya mwongozo imefuatwa, ila waliofuata hatua hizo ni wazee, watumishi, wenye maduka na wanaoishi jirani na ofisi ya kijiji.

Kosa lenyewe huzaliwa kwenye ramani, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani. Siku ya kwanza ya kuchora, waliopo huulizwa: eneo hili lina nini? Shamba lililopumzishwa, lenye mikorosho mikuukuu na vichaka vilivyoota katikati, hujibiwa “pori”. Aliyejibu hadanganyi, maana yeye si jirani wa shamba lile, na jirani mwenyewe yuko dunguni kwake. Neno hilo likishaingia kwenye ramani ya matumizi yaliyopo, ramani ya pili hulipa rangi: msitu wa hifadhi ya kijiji, malisho, akiba, au eneo la uwekezaji. Mkutano mkuu huonyeshwa rangi tu, na pori halina wa kulitetea.

Kuna pia unene wa kalamu. Timu nyingi huanzia kwenye karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000, ambapo milimita moja ni mita 50 ardhini. Mstari wa kalamu ya maka wenye upana wa milimita mbili hufunika mita 100. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina safu nane ndani ya mita hizo. Nani anajua safu hizo nane ziko upande gani wa mpaka? Anayezipalilia, na huyo hayupo. GPS ya mkono hukosea mita chache tu na inatosha kabisa kusahihisha, ila lazima kuwe na mtu wa kuishika na kutembea hadi kwenye mti wa mwisho akisema hapa ndipo. Asipokuwepo, anayetembeza timu hukata njia kwenye vichaka vyepesi, na mpaka hufuata njia yake.

Matokeo huonekana mwenye shamba akirudi na kukuta bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa na wapimaji. Kwa wakati huo mpango umeshapita, sheria ndogo zimeshaandikwa, na pengine hati za hakimiliki ya kimila zimeanza kutolewa kwa mashamba yaliyotambuliwa. Akienda Baraza la Ardhi la Kijiji, kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha, halitengui uamuzi wa mkutano mkuu. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, limebaki na kazi ya usuluhishi tu. Inabidi aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa nauli yake, na upande wa pili atakuta muhtasari wenye mhuri unaosema wananchi waliafiki kwa kauli moja.

Sheria imempa nguvu kuliko anavyoambiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inamtaja mwanakijiji kuwa ni mtu anayeishi kijijini kwa kawaida, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Aliye dago kwa kaskazi moja anaishi kijijini kwa kawaida. Sheria hiyohiyo, inapozungumzia ardhi ya kimila iliyotelekezwa, inataka ipite angalau miaka mitano bila kutumiwa, na kupumzisha shamba kumetajwa miongoni mwa matumizi. Maeneo ya jumuiya hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 imekifanya kijiji kuwa mamlaka ya kupanga. Kwa hiyo hoja kwamba “walioitwa hawakuja” haitoshi kisheria wala kiungwana, iwapo mwito wenyewe ulibandikwa kwenye mlango wa ofisi wakati mwitwa yuko kilomita kumi bondeni.

Tueleze utaratibu tunaoupendekeza kwa undani, maana ukibaki kuwa nia njema utakufa kwenye semina.

Wiki mbili au zaidi kabla ya timu kufika, kila mwenyekiti wa kitongoji afungue daftari la waliotoka. Kaunta buku moja kwa kitongoji inatosha. Safu zake ni jina, kazi iliyompeleka, mahali alipo, anarudi lini, namba ya simu, shamba lake liko wapi na linapakana na nani pande nne, na nani nyumbani anaweza kueleza habari zake. Daftari likae kwa mwenyekiti wa kitongoji na kamati ya matumizi ya ardhi. Lisibandikwe ukutani: orodha ya mashamba yasiyo na mtu ni zawadi kwa mwizi wa korosho, na namba za simu za watu si za ubaoni.

Safu ya mwisho inahitaji uangalifu. Desturi ya kumuuliza kaka wa mume hukosea sana kwetu. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ni jamii zilizofuata ukoo wa mama, na shamba linaweza kuwa limetoka kwa mjomba au kwa upande wa mke. Mke aliyebaki nyumbani asiambiwe asubiri mume arudi. Mara nyingi shamba ni lake, au yeye ndiye anayelijua mpaka wake. Aulizwe, jibu lake liandikwe, na jina lake liandikwe kama lake.

Daftari likikamilika, kamati ihesabu. Kitongoji ambacho theluthi au zaidi ya watu wazima wake wametoka, ramani ya matumizi yaliyopo kwa upande wake isifungwe. Itiwe mistari ya penseli, timu iendelee na vitongoji vingine. Hili la penseli ni dogo lakini tunalisisitiza, kwa sababu wino ukishawekwa, kila mtu huanza kuutetea.

Kisha ufuate mkutano mkuu wa kwanza, ambao kazi yake ni kusoma tu. Rasimu isomwe eneo kwa eneo kwa majina ya wenyeji: kisima fulani, mkuyu fulani, kijito fulani. Namba za koordineti ziandikwe, ila zisiwe lugha ya mkutano. Baada ya hapo ramani isafiri. Nakala moja kubwa ya A0 ibaki ofisini, na nakala za A3 zitolewe, moja kwa kila kitongoji, moja kwa kila ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), moja kwa kila dago wanalokaa watu wa kijiji. Ghala la AMCOS lisidharauliwe. Msimu wa minada hakuna mkulima asiyefika pale, kupima mzigo au kuulizia malipo, na karatasi iliyo karibu na mizani husomwa kuliko iliyo kwenye ubao wa ofisi. Kwa wavuvi, BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe na uvuvi, zinajua nani yuko wapi. Mjumbe wa BMU anayepeleka barafu au mafuta dago anaweza kupeleka ramani na kuikalia kitako na watu jioni. Magulio na misikiti vitumike kwa tangazo, na redio za mkoa kwa tarehe. Mbiu ya mgambo bado inafanya kazi kwa wanaokaa jirani.

Pingamizi na maoni yapokelewe kwa kitabu cha nakala mbili chenye kaboni. Anayetoa maoni abaki na nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Hapa ndipo mambo mengi huharibika: mtu anasema “nilimwambia mjumbe”, mjumbe anasema hakuambiwa, na maandishi hayapo. Yaandikwe mahali panapobishaniwa, majirani wa pande nne, miti au zao lililopo, tangu mwaka gani, na anataka nini kibadilike. Asiyeandika asaidiwe na kuweka dole gumba mbele ya shahidi aliyechaguliwa na yeye mwenyewe.

Baadhi ya watendaji wachapakazi wamependekeza yote haya yafanyike kwenye kundi la WhatsApp. Kwa tangazo, sawa. Kwa uamuzi, hapana. Wapo wasio na simu janja, zipo fukwe zisizo na mtandao, na ndani ya makundi hayo wamo wengi ambao si wanakijiji. Kura ni ya mkutano mkuu, na maoni ya aliye mbali yasomwe kwa sauti kabla ya kura.

Katika mkutano wa pili kila pingamizi lisomwe na lijibiwe, na jibu liingie kwenye muhtasari. Eneo ambalo pingamizi lake halijapata jibu liachwe katika matumizi yake ya sasa, yaliyobaki yapite. Hivyo hekta chache za mgogoro hazizuii mpango mzima, wala mpango mzima haumezi shamba la mtu. Kura zihesabiwe, na mahudhurio yaandikwe kwa kitongoji. Tuchukue mfano wa karatasi ya mahudhurio yenye majina 140: ukiyagawa kwa vitongoji vitano na kukuta kitongoji cha pwani kina watu watatu, mpango ule haujapita pwani, hata kama jumla inapendeza. Afisa wa wilaya anayepokea muhtasari usio na mgawanyo huo aurudishe.

Vijiji vya pwani vina kalenda nyingine, ya mwezi, na tunaomba sana izingatiwe. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwa pwani yetu maji hukupwa sana siku hizo mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Saa nne asubuhi ndiyo saa inayozoeleka kuandikwa kwenye matangazo ya mikutano. Mkutano ukiangukia bamvua, wanawake wako mwambani wakitafuta pweza na chaza, na hawataacha, kwa kuwa siku hizo ni chache kwa mwezi na ndizo zinazolipa ada na unga. Kisha mkutano huo unajadili ufukwe, maeneo ya chumvi, mikoko na njia za kushukia baharini, yaani vitu wanavyovitumia wao kuliko mtu yeyote. Anayetaka mkutano wa asubuhi achague siku za maji mafu, ambapo bahari haikupwi sana, karibu na mwezi nusu. Ila kuna nafasi iliyo bora zaidi: wiki ya mwezi mpevu, saa tisa alasiri. Saa hiyo maji yanajaa na wanawake wamesharudi. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa nao wako nyumbani, maana mbalamwezi huharibu kazi ya taa. Siku ya Ijumaa baada ya sala hufaa pia. Ramadhani isiguswe kabisa kwa mkutano wa kura.

Dago lenyewe nalo linahitaji rangi kwenye ramani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na baadhi ya timu hutumia mita hizo kana kwamba hakuna anayezihitaji. Dago ni kambi ya muda. Kijiji kikiliandika kama eneo la madago, lenye njia, kisima na mahali pa kuanikia, atakayekuja kuomba ufukwe baadaye atakuta pana matumizi yanayojulikana. Lisipoandikwa, miezi ambayo wavuvi hawapo ufukwe utaonekana mtupu, na mgeni huonyeshwa ufukwe miezi hiyohiyo.

Si kila asiyekuwepo ana haki ileile, na kuchanganya makundi ndiko kunakowatia watendaji hofu. Anayetoka na kurudi kila msimu ni mwanakijiji kamili, ana kura. Aliyehamia Dar es Salaam miaka mingi na ameacha shamba anapaswa kuarifiwa na kusikilizwa kuhusu shamba lake, ila asiamue msitu na malisho ya wanaoishi hapa. Mgeni wa msimu, awe mvuvi wa wilaya nyingine au mfugaji anayefuata maji Kilwa na Liwale, hana kura, lakini asikilizwe kuhusu dago, mapito ya mifugo na birika anazotumia, kwa sababu mpango usiomsikiliza atauvunja kwa miguu ya ng'ombe ndani ya wiki moja. Malisho yakivuka mpaka wa kijiji, sheria ya 1999 inaruhusu vijiji kuingia makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Yatumike.

Mijini hali inafanana. Mtu wa Mikindani au Lindi mjini aliye shamba kwa miezi mitatu anaweza kurudi na kukuta kiwanja cha jirani kimebadilishwa matumizi kutoka makazi kuwa biashara, muda wa pingamizi umepita. Afisa mtendaji wa mtaa awe na daftari kama lile la kitongoji, na majirani wanaopakana na kiwanja wapigiwe simu mmojammoja kabla ofisi haijaandika kwamba hakuna pingamizi.

Tunajua mtakalojibu. Mwekezaji anasubiri, mfadhili ana muda, posho za mkutano wa pili hazipo. Mkutano wa pili hauhitaji timu nzima ya wilaya. Afisa mmoja, mtendaji wa kijiji, kamati na karatasi za ramani vinatosha, na kwa kuwa ni mkutano wa kawaida wa kijiji hauna sababu ya kuwa na posho za ziada. Kuhusu muda, kinachochelewesha uwekezaji ni kesi inayofunguliwa baada ya bikoni kuwekwa. Likong'o, palipotengwa kwa mradi wa gesi asilia kimiminika, na vijiji vingine vinavyosubiri miradi mikubwa vina sababu zaidi ya wengine kuhakikisha kila mwenye mti amejulikana mapema, kwa jina.

Tunaomba basi kila halmashauri, kabla haijaandaa bajeti ya mwaka ujao wa fedha, ipokee kutoka kwa kila kijiji kilichopangwa kupimwa karatasi moja ya kalenda: miezi ya dago, ya dungu, ya ufuta, ya salfa na ya korosho, kwa kila kitongoji. Afisa mipango aiambatishe kwenye ratiba ya timu, na fedha ziombwe kwa miezi inayolingana nayo. Vijiji ambavyo rasimu zake zimeshasomwa mwaka huu na bado hazijapitishwa, tunaomba visubiri mkutano mkuu unaofuata, na ramani zipelekwe dago na magulioni kuanzia sasa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Sisi tunaoshughulika na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, Lindi na Mtwara.